Saa Saba ya Jumatano

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Mwanzo nitausimulia mimi, na katikati pia ni kwangu. Mwisho nitawaachia ninyi, kwa hiyo sikilizeni kama watu watakaoulizwa.

Juu kwenye vilima vya chai na viazi, mahali paitwapo Kapyelo, palikuwa na hospitali ndogo yenye daktari mmoja wa kutibu. Jina lake Subilaga. Mkubwa wake, Dokta Mwaibale, alikuwa mganga mfawidhi, lakini vikao vya wilayani vilimfanya aonekane wodini kama mgeni. Subilaga alikuwa na kipaji kimoja: jambo akishalielewa, halimtoki tena.

Matroni wa hospitali alikuwa Tusajigwe, mama mtu mzima asiyependa kupaza sauti. Kipaji chake kilikuwa macho. Angepita mara moja kwenye foleni ya wagonjwa, akajua nani anaweza kusubiri na nani hawezi.

Wa tatu alikuwa Gwamaka, mfamasia. Yeye alikuwa mtu wa kuona mbele. Wenzake walipofurahia rafu iliyojaa, yeye alikuwa tayari anaiona tupu.

Basi, siku moja Subilaga alikaa kitako kwenye benchi la wodini, akamwambia matroni, "Mama, mimi natibu kwa mambo niliyojifunza chuoni. Dawa zinabadilika, njia zinabadilika, mimi nimebaki palepale. Na leseni yangu haitahuishwa nisipojiendeleza."

"Si kuna hayo masomo ya kwenye kompyuta?"

"Yapo, kila Jumatano saa saba mchana. Mabingwa wanafundisha na unaruhusiwa kuuliza. Nimejaribu kuyafuata jioni yakiwa yamerekodiwa, nasinzia kabla mwalimu hajamaliza kujitambulisha. Na mchana unanijua. Siwezi kukaa hata dakika kumi bila kuitwa."

Tusajigwe akasema, "Jumatano saa saba nipe simu yako. Anayeweza kusubiri atasubiri. Asiyeweza, nitakuja kukuita mwenyewe."

Ndivyo ilivyoanza. Lakini mtandao wa Kapyelo ulikuwa wa kubahatisha, na chumba pekee uliposhika vizuri kilikuwa stoo ya dawa. Gwamaka akasogeza maboksi, akamtengea Subilaga kona yenye kiti na meza. Yeye akaendelea na kazi yake upande wa pili wa ukuta wa mbao, na sauti ya mwalimu ikawa inamfikia.

Sasa niwaambie kila mmoja alilipa nini, maana hakuna aliyelipa kidogo.

Subilaga aliishi nyuma ya hospitali, na saa saba ndiyo ilikuwa saa yake ya kwenda nyumbani kula na binti yake, Atuganile, mtoto wa chekechea. Jioni alirudi mtoto akiwa amelala. Jumatano za mwanzo Atuganile alisimama mlangoni kumngoja. Baadaye akaacha kungoja. Akala na dada wa kazi, akaenda kucheza. Subilaga aliwahi kusema kwamba mtoto angelia, yeye angestahimili, lakini kuacha kwake kungoja kulimuuma zaidi.

Tusajigwe alilipa kwa jina lake. Jumatano moja mwanamume alimleta mama yake mwenye kidonda mguuni, akataka daktari aitwe palepale. Matroni alikitazama kidonda, akasema, "Hiki nitakiosha na kukifunga mimi. Daktari atakiona akitoka, haitachukua muda." Yule bwana hakuridhika. Kidonda kilifungwa vizuri na kikapona, lakini yeye alisimama kwenye mkutano wa kijiji akatangaza kwamba matroni anamficha daktari. Watu wakaamini. Sokoni wanawake aliowazalisha mwenyewe wakawa wanapokea salamu yake wakiwa wanatazama pembeni. Tusajigwe hakujitetea. Jumatano iliyofuata alichukua tena simu ya daktari, akaketi mlangoni.

Gwamaka naye. Kuna somo moja lilihusu sumu ya dawa za kuulia wadudu. Mwalimu alieleza kwamba wengi wanachoma sindano ya atropini, wanatazama mboni za macho zikitanuka, wanaacha, na mgonjwa anakufa maji yakiwa yamejaa mapafuni. Akasema, sikilizeni kifua. Ongezeni dawa maradufu kila baada ya muda mfupi mpaka kifua kikauke. Subilaga upande huu aliandika na kuuliza maswali. Gwamaka upande ule aliacha kupanga maboksi. Hapa kila mtu analima viazi na kila mtu ananyunyizia dawa, aliwaza, na atropini tuliyonayo haitoshi mgonjwa mmoja wa namna hiyo. Hakuna aliyemtuma. Aliagiza nyingi, akaomba nyingine kwenye vituo vya jirani. Wakubwa wa wilayani wakamwita ajieleze: kwa nini anajaza rafu dawa isiyotumika, iishie kuharibika? Maelezo yake hayakuwaridhisha. Wakamwondolea usimamizi wa stoo, akabaki mfamasia wa dirishani. Dawa yenyewe ikabaki pale rafuni.

Mvua za masika zilipoanza kupungua, watu walishuka mashambani kunyunyizia viazi. Mchana mmoja mkulima aitwaye Asegelile alibeba bomba la mgongoni lililokuwa linavuja. Aliona shati limelowa, akadhani ni jasho. Alipofikishwa hospitali, mkewe Tumpe akiwa amemshika kichwa, alikuwa anatokwa mate na machozi, kifua kinakoroma, mwili unatetemeka.

Ilikuwa Jumatano, saa saba na kitu.

Tusajigwe alimwona tangu getini. Hakuuliza maswali ya mapokezi. Aliwaagiza wauguzi wavae glavu, wamvue nguo zote na kumwosha kwa sabuni. Kisha akaenda stoo kwa miguu yake, akafungua mlango. "Toka," alisema. "Huyu hawezi kusubiri."

Subilaga alipomchoma sindano ya kwanza, mboni zilitanuka. Muuguzi mmoja akashusha pumzi. "Amepata nafuu, Dokta."

"Bado," Subilaga alisema, kipimo cha kusikilizia kikiwa kifuani pa mgonjwa. "Ndani bado kuna maji. Ongeza maradufu."

Wakaongeza, wakasikiliza. Wakaongeza tena. Vichupa vitupu vikawa vinarundikana kwenye sinia. Yule muuguzi aliuliza kwa sauti ya chini kama dawa itatosha, na Gwamaka, aliyekuwa amesimama mlangoni na boksi mikononi, akajibu, "Itatosha. Msihesabu, mtibuni."

Jua lilikuwa limeanza kuegemea magharibi Subilaga alipovua kipimo masikioni. Kifua kilikuwa kimekauka. Walimlinda kwa siku kadhaa, wakimwongezea dawa kila dalili ziliporudi, na mwisho Asegelile alitoka akitembea, Tumpe akimsuta njia nzima kuhusu lile bomba.

Habari ilifika mbali. Hospitali kubwa ya kanda ikaipa Kapyelo nafasi moja ya masomo: miezi mitatu ya kujifunza kuhudumia wagonjwa wa dharura, kwa mtumishi yeyote mwenye taaluma ya afya. Nafasi ni moja tu, na jina lipelekwe kesho yake.

Dokta Mwaibale aliwaita wote watatu. "Semeni ukweli," aliwaambia. "Nani anaitaka?"

Wote waliitaka.

"Nimesoma kwa kuibia muda," alisema Subilaga, "sikio moja kwa mwalimu, jingine mlangoni. Nataka mara moja maishani nisome nikiwa nimetulia. Mikono iliyomtibu ni hii, na ndiyo itakayowatibu wengine."

Tusajigwe alikunja mikono mapajani. "Mimi nimemlindia mwenzangu mlango wa darasa. Mwenyewe sijawahi kuingia. Nakaribia kustaafu, nafasi nyingine haitanikuta kazini."

Gwamaka alisema, "Mimi nimesoma kupitia ukuta. Nimejaribu kuwaza, nikipewa kiti mbele ya mwalimu nitaona mambo gani. Na wilayani bado hakuna aliyeniambia kwamba nilikuwa sahihi."

Mganga mfawidhi aliwaza sana. Alipompitia Asegelile shambani kumuuliza maoni yake, yule mkulima alicheka kidogo. "Dokta, mimi sikuwa na fahamu. Muulize mke wangu."

Tumpe akasema, "Bila yule mama, tungekaa foleni. Bila daktari, wangeacha baada ya sindano ya kwanza. Bila yule kijana, dawa ingeisha katikati. Ningewapa wote. Lakini kama ni mmoja, usiniulize mimi."

Dokta Mwaibale alirudi ofisini, akakaa na kalamu mkononi. Nafasi ya jina ilikuwa bado wazi, na gari la kupeleka jina hilo lilikuwa linanguruma nje.

Na mimi naishia hapo. Kalamu hiyo nakukabidhi wewe unayenisikiliza. Kati ya aliyesoma, aliyemlindia saa ya kusoma, na aliyesikia somo lisilo lake akalifanyia kazi, wewe ungeandika jina la nani? Na wawili watakaobaki ungewaambia nini?