Chupa Moja ya Damu, Ahadi Mbili

Sogeeni, nimewaletea kesi iliyomshinda mganga mfawidhi mwenye digrii mbili. Huenda nyinyi mkaiweza.

Katika hospitali moja ya nyanda za juu walikuwapo watu watatu. Sekela wa benki ya damu alikuwa na jicho lisilopitwa na jambo. Ambakisye wa chumba cha kompyuta alikuwa na subira ya kukisumbua kitu mpaka kitoe siri yake. Zuhura, mwandishi wa programu, alikuwa na mkono wa kuunda, na moyo wa kubomoa alichounda na kuanza upya.

Asubuhi moja wauguzi wawili walifika dirishani kwa Sekela wakihema, mmoja kutoka wodi ya wazazi, mwingine kutoka upasuaji. Kila mmoja alikuwa ameomba chupa ya damu kwa kompyuta ya kwake, akajibiwa ipo. Chupa ilikuwa moja. Sekela akampa wa wodi ya wazazi, ambako mama alikuwa akivuja damu. Mgonjwa wa upasuaji alisubiri saa tatu damu ya wilaya jirani, akaponea chupuchupu.

Sekela alipolalamika, aliambiwa na watu wa chumba cha kompyuta, "Mmeandika vibaya, dada. Kompyuta haidanganyi."

Sekela hakukubali. Kwa wiki tano aliandika daftarini kila chupa iliyoahidiwa watu wawili: saa, dakika, hata sekunde. Akapata sita. Mara zote sita, maombi mawili yaliingia kwa sekunde ileile. Akalibeba daftari mpaka chumba cha kompyuta, akalibwaga mezani.

"Someni. Siondoki."

Ambakisye akasoma. Akatunga programu ndogo ya kurusha maombi mia mbili kwa mpigo kwenye nakala ya majaribio ya akiba ya damu. Siku ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Wenzake wakamcheka. Siku ya nne akarusha elfu kumi, na kosa likajitokeza mara kumi na tisa. Akalionyesha hatua kwa hatua: maombi mawili yanasoma "imebaki moja", kila moja linapunguza, kila moja linaandika "sifuri", na yote mawili yanajibiwa ndiyo.

Zuhura akatazama, uso ukamshuka. Programu ile aliiandika yeye.

"Kosa ni langu," alisema. "Nitalitoa mwenyewe."

Akaiweka hesabu ya chupa katika kigeu cha atomu, yaani namba ambayo kuisoma, kuipunguza na kuiandika ni tendo moja. Ombi jingine haliwezi kupenya katikati. Ambakisye akarusha maombi yake. Skrini ikaonyesha hasi moja.

"Chupa hasi moja ndiyo chupa gani?" Sekela, aliyekuja kutazama, akauliza.

Zuhura akaketi tena. Kupunguza kulikuwa tendo moja, lakini kuuliza "ipo?" kulibaki nje, kukifanyika kabla. Siku mbili baadaye alikuwa ameyafunga pamoja: kama chupa ipo na namba ni ileile uliyoiona, ipunguze; kama mwenzio amekutangulia, soma upya; ukikuta sifuri, jibu hakuna. Maombi milioni moja yakapita. Hakuna chupa iliyoahidiwa mara mbili.

Miezi sita ikapita salama wodini. Mganga mfawidhi akawaita wote watatu. "Nina nafasi moja ya masomo, mwaka mzima, kwa mmoja wenu aliyestahili zaidi katika kuondoa kosa hili. Moja tu."

Sekela, aliyekwisha kuomba masomo mara tatu akanyimwa, alisimama wa kwanza. "Naitaka, daktari. Bila daftari langu mngekuwa bado mnasema wauguzi hawajui kuandika."

"Daftari lako lingebaki malalamiko, dada," alisema Ambakisye. "Mimi ndiye niliyelikamata kosa. Na bila mimi, ile hasi moja ingefika kwa wagonjwa."

"Nyote mliujua ugonjwa," alisema Zuhura. "Nani aliutibu?"

"Aliyeuleta," Sekela akamjibu.

Zuhura hakuinamisha kichwa. "Ndiyo. Na nilikiri kabla sijaulizwa."

Mganga akawatazama mmoja mmoja. Akawaambia warudi Jumatatu asikie tena. Hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake.

Jumatatu yenyewe ni kesho, ndugu zangu. Aliyeliona kosa, aliyelithibitisha, au aliyelitenda kisha akalifuta: je, ungekuwa mganga, ungempa nani?