Shukrani za Bi Pimbi kwa Bwana Kiboko

Hapo zamani za kale, wanyama walipokwisha kununua simu lakini hawajanunua adabu, alikuwepo Bi Pimbi. Nyie wa nyuma acheni kusukumana, hadithi inawatosha wote.

Bi Pimbi alikaa peke yake juu ya jabali. Zamani jabali lile lilikuwa na makelele: wanawe waliota jua pale, wamebanana kama maandazi kwenye karai. Chini yake kijito kilipita, ti-ti-ti, ti-ti-ti, na kwa mlio huo walilala.

Kijito kikakauka. Wanawe wakafunga virago, wakaenda tambarare kukaa kwa Ngiri. Ngiri ni mtu mwema, lakini nyumba yake ni shimo, na wao wamezoea jua la juu ya mawe.

Kila asubuhi Bi Pimbi alipafagia mahali pao pa kuotea jua. Kisha akakaa pembeni. Hapakalii, anapatazama tu.

Basi, alikuwa na simu, na ndani ya simu mlikuwa na kundi la watoaji, wale wenye kusaidia wenzao: huyu analisha yatima, yule anachimba visima. Bi Pimbi aliingizwa kwa sababu aliwapikia uji wapita njia. Korongo, msimamizi wa kundi, alikuwa ameandika sheria: "Unachojua, wape wenzako. Aliyekufundisha, mtaje kwa jina."

Sheria nzuri! Hakuna aliyeifuata. Mzee Tembo, mjuzi wa maji yaliyojificha kuliko mnyama yeyote, alituma picha zake akikata utepe. Bwana Kiboko alituma salamu za asubuhi zenye maua.

Bi Pimbi akaandika: "Shikamooni wakubwa zangu. Kijito changu kimekauka. Nifundisheni kutafuta maji, wanangu warudi nyumbani."

Tembo akatuma kidole gumba. Kiboko akatuma kidole gumba. Korongo akaandika, "Swali zuri sana!"

Bi Pimbi akauliza tena. Tembo akajibu, "Bibi, hayo ni mambo ya kitaalamu. Tutaandaa semina."

Mpaka leo semina inaandaliwa.

Siku moja binti yake, Somoe, akapiga simu. "Mama, maji bado?"

"Bado, mwanangu."

"Mama, kile kijito kilikuwa kinaliaje? Nimeanza kusahau."

Bi Pimbi akafungua mdomo amwigizie. Sauti haikutoka. Akakata simu, akakaa. Hakulia, kulia kunapoteza maji, na maji yenyewe hakuna. Akawaza. Kisha akaandika kundini:

"Namshukuru Bwana Kiboko, bingwa wa maji nchi nzima, aliyenifundisha kwamba maji huchimbwa kileleni, juu kabisa ya jabali!"

Kiboko hakusoma. Aliona jina lake tu. "Asante, asante! Ni wajibu wetu."

Mbuuuu! Ujumbe wa sauti wa Tembo ukaingia, simu ikaruka juu ya jiwe.

"Nani bingwa? Kiboko? Huyu anayejisaidia kwenye maji anayoyanywa? Kileleni kuna maji gani, wajinga nyie! Fuata mchanga wa mto. Tafuta mkuyu uliobaki kijani, karibu na mwamba uliokatiza mto. Mwamba huyazuia maji ndani ya mchanga. Chimba hapo, upande wa juu!"

"Kumbe!" Bi Pimbi akaandika. "Basi nachimba shimo pana kama uwanja, kama anavyofundisha Mzee Tembo."

Sasa Kiboko akasoma! "Pana? Huyo mzee anataka jua likunywee maji yako? Chimba jembamba! Lizungushie mawe lisibomoke, na mtu asitie miguu!"

"Wewe ndiye wa kusema miguu?"

"Na wewe na pua yako ndefu?"

"Tuheshimiane jamani," akaandika Korongo. Nani amsikie?

Bi Pimbi alishaiweka simu chini. Chaku! Chaku! Chaku! Chini ya mkuyu, upande wa juu wa mwamba, akachimba mpaka kucha zikaisha. Mchanga ukawa baridi. Ukawa mweusi. Na ubavuni mwa mwamba... ti. Ti-ti. Ti-ti-ti.

Akapanga mawe kwanza. Kisha akaandika: "Wakubwa zangu, niliwasingizia. Habari ya kilele ni yangu, na ya shimo pana ni yangu. Niliuliza kwa adabu mkanipa vidole. Lakini mkuyu na mwamba nimefundishwa na Mzee Tembo. Wembamba na mawe nimefundishwa na Bwana Kiboko. Nawashukuru kwa majina. Sikilizeni." Akaishusha simu shimoni, akaurekodi mlio, akautuma kundini, wakasikia.

Korongo akaandika, "Uongo kundini ni kosa." Kisha akaufuta ujumbe wake. Wote walishauona.

Kiboko akasema, "Hata mimi nakumbuka kijito kama hicho."

Tembo hata kidole hakutuma. Bi Pimbi akajua amekasirika. Maji anayo, lakini mahali pa kuotea jua pako vilevile, pasafi, pamefagiwa, hapana mtu. Akakaa pembeni.

Simu ikalia. Somoe.

"Mama! Kuna tembo mlangoni kwa Ngiri. Amekuja kwa miguu, ameshika simu, nayo inalia ti-ti-ti, kama nyumbani! Anasema tumsamehe, amechelewa kujibu."

"Mkaribisheni ndani."

"Haingii, mama. Ni shimo."

"Basi tokeni nyie," akasema. "Tokeni, mje."

Na asubuhi iliyofuata, kwa mara ya kwanza tangu kijito kikauke, hakufagia. Aliwaacha waje walale juu ya vumbi la miguu yao wenyewe.

Haya, maji yamerudi na hadithi imekwisha: ukiulizwa kwa adabu, jibu, na ukifundishwa, mtaje aliyekufundisha.