Vibuyu Saba vya Mama Sekela

"Kibuyu!"

"Kimefungwa!"

"Nani akifungue?"

"Fungua wewe!"

Hebu itikieni kama watu mlioshiba. Wali wangu mmekula, sauti mmeacha wapi? Tena mnisikilize vizuri, maana leo nimeudhika. Mliniletea makopo mawili ya yale maji makali ya gesi, mkasema, "Bibi, onja vitu vya mjini." Haya. Nani kafungua moja, akanywa funda moja, akaliacha wazi dirishani kwenye jua? Nimelionja sasa hivi. Limekufa! Gwakisa, usitazame dari, na ndevu zote hizo. Wewe ndiye umenikumbusha hadithi ya Kifaru.

Basi hapo zamani, Pimbi mmoja aliishi kwenye miamba. Mdogo tu, angeenea kwenye kikapu cha mayai. Alikuwa na binti aitwaye Sekela, kwa hiyo wote walimwita Mama Sekela. Na Mama Sekela alijua kutengeneza maji makali. Anateka maji ya chemchemi, yale yanayotoka ardhini na mapovu yake. Anatia asali, anatia ukwaju, anaacha yaumuke. Ukinywa, ulimi unachonyota. Ukinywa sana, unaanza kumsalimia mkwe wako kwa jina lake.

Sasa Sekela alikuwa anaolewa Jumamosi. Na mapimbi wana desturi yao. Wakwe wakifika, hawasemi neno. Wanaletewa vibuyu, mkubwa wao anang'oa kizibo, na wote wanategea sikio. Kibuyu kikilia tsssss, vigelegele, ndoa imepita. Kibuyu kikinyamaza, wakwe wanasimama, wanajikung'uta vumbi, wanaondoka na bwana harusi wao. Basi. Hakuna cha kuombana radhi.

Kwa hiyo Mama Sekela alitengeneza vibuyu kumi, akaviziba kwa nta, akavisimamisha ndani ya ufa wa mwamba. Mle mna baridi. Mle mna giza. Mle havitikiswi na mtu.

Akaja Kifaru. Du, du, du!

"Mama Sekela, nasikia una kitu kizuri. Nionje."

Utamwambia nini Kifaru? Akampa kimoja.

"Ukishafungua, mzee wangu, umalize. Ukibakiza, funika."

"Nitafunika." Hakufunika.

Kesho yake, du, du, du!

"Kile cha jana kimepooza. Lete kingine."

"Hiki usikiweke juani, mzee wangu."

"Siweki." Akakiweka juani.

Siku ya tatu, du, du, du!

"Kile cha jana kilikuwa kama supu. Lete kingine."

"Usikitikise, mzee wangu, nakuomba."

"Sitikisi." Chaka-chaka-chaka! Nusu ikamwagika kabla hajafika njiani.

Jamani! Kuna viumbe ukiwaambia kaa, wanasimama. Ukiwaambia simama, wanalala. Huyo ndiye Kifaru. Kwa akili yake, kila anayemwagiza kitu anamficha utamu.

Siku ya nne hakuomba. Alisema, "Wewe hujui kutunza, kila ninachochukua kwako kinaharibika. Vyote saba vilivyobaki navichukua nikavitunze mwenyewe."

Mama Sekela akapiga hesabu. Asali ya msimu ilikuwa imekwisha, hakuna cha kutengenezea vingine. Jumamosi ilikuwa imebaki siku tatu. Sekela alikuwa ndani, anajipaka mafuta na kuimba peke yake. Mama mtu akataka kulia. Kisha akachoka hata kulia, na hapo ndipo akili ilipomjia.

"Haya, baba," akasema, "vichukue. Ila shika maagizo. Viweke juani."

"Juani, eh?" Kifaru akafinya macho.

"Vizibo vilegeze, vipate hewa. Vitikise sana. Na unywe leoleo, baba, usije ukangoja Jumamosi."

Kifaru akaenda zake, moyoni anacheka. "Kapimbi haka! Kumbe utamu wenyewe unaiva Jumamosi!"

Akavizamisha mpaka shingoni kwenye tope la baridi, chini ya kivuli kizito. Vizibo hakuvigusa. Akajilaza kando yake, hata kujigeuza akaogopa, visije vikatikisika. Siku tatu mchana kutwa alikuwa hapo hapo, mbavu zinamuuma, mate yanamtoka. Niambieni, mlinzi kama huyo Mama Sekela angempata wapi?

Jumamosi asubuhi, Mama Sekela akachukua kibuyu kidogo alichokuwa amekitia chachu, akakijaza maji ya chemchemi na asali aliyokwangua chini ya chungu. Akakiziba, akakikaza kwa kamba. Akakianika juu ya jiwe la moto. Jua lilipopanda akakibeba mgongoni, akashuka mlima mbio. Chaka-chaka-chaka-chaka!

Akamkuta Kifaru anajilamba, anajiandaa kufungua cha kwanza.

"Nini hicho mgongoni?" Kifaru akauliza.

"Hiki changu, baba. Usikiguse."

Thubutu! Alikinyang'anya, akang'ata kizibo, akavuta.

PAAA!

Kizibo kikaingia puani. Povu likaingia machoni. Kifaru akazunguka mara tatu, akagonga mti, akakaa chini kwa matako.

"Mama yangu, nakufa! Kimenipiga!"

"Hicho ni kidogo, baba," Mama Sekela akasema, akirudi nyuma. "Na kilikuwa kinaota jua, kinatikiswa, kinachangamka. Vile vikubwa umevitunza vipi?"

"Nimevificha gizani," Kifaru akasema, anakohoa. "Kwenye baridi. Sijavigusa."

"Uwiii! Siku tatu umevifungia gizani, havijatikiswa hata kidogo? Viko saba, baba! Vikikasirika pamoja, tutaokota pembe yako mtoni!"

Kifaru akavitazama vibuyu. Vibuyu vikanyamaza kimya.

"Viondoe!"

"Mimi? Nina harusi. Vipeleke unakotaka, baba, ila kwangu usilete. Nina wageni! Usivilete kwangu!"

Kifaru akawaza kwa hasira. Nani huyu wa kumpangia? Na kama vitalipuka, si bora vilipuke kwa mwenyewe?

Basi akavibeba saba vyote akapanda navyo mlima. Pole. Pole. Hatua moja, anapumzika. Hatua moja, anapumzika. Inzi alitua kwenye jicho lake, akamwacha. Akaviweka mlangoni kwa Mama Sekela taratibu, mtu angedhani anamlaza mtoto mchanga. Kisha akakimbilia nyuma ya mwamba, akaziba masikio.

Wakwe walikuwa wameshafika. Kimya. Sekela amejifunika kanga, anachungulia. Mkubwa wao akang'oa kizibo.

Tsssssss!

Vigelegele! Cha pili, tsssssss! Cha tatu, tsssssss! Mpaka cha saba. Baridi, tamu, kinachonyota. Mama Sekela akakaa chini akalia, sasa kwa raha.

Kifaru akazibua masikio. Akasikia watu wanakunywa, wanacheka, wala hakuna kilicholipuka. Ikamwingia polepole.

"Mama Sekela! Umenidanganya!"

"Nilikuambia usilete, baba. Si nilikuambia?"

Kifaru akakwaruza ardhi kwa pembe.

"Karibu ndani," Mama Sekela akaendelea. "Kaa, unywe nasi. Usiondoke, tafadhali."

Kifaru akageuka, du, du, du, akaenda zake.

Funzo la hadithi hii, na mlishike: mtu mwema akupe maagizo ya kweli, nawe uyafuate kama ulivyoambiwa. Mnacheka nini? Ndiyo funzo lenyewe.

Sasa kuna lile kopo la pili, halijafunguliwa. Gwakisa, liache hapo hapo juani. Usiliweke kwenye friji. Usiniletee na glasi likishapata baridi. Nasema usilete!

Haya, kaenda nalo jikoni. Tumalize.

"Kibuyu!"

"Kitupu!"

"Nani kakimaliza?"

"Gwakisa!"

Nilijua.