Mrija Alioukataa Kagabo

Wahenga walisema mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Maana yake si ngumu: wa kukaa nawe mezani ni wengi, lakini siku ya kufa kupona meza hubaki tupu, na anayesimama kando yako ni yule mliyetoka naye tumbo moja. Tatizo la methali hii ni kwamba watu huisema wakiwa wameshiba, kwa hiyo haiwaingii. Kagabo wa Gisenyi aliisema mara nyingi, tena kwa kicheko, glasi ikiwa mkononi.

Kagabo na kaka yake Nsengiyumva walizaliwa Goma, wakarudi Rwanda baada ya vita vya mwaka 1994 na kupata shamba Rugerero, juu ya mji. Nsengiyumva alishika jembe. Kagabo, aliyesoma kidogo na aliyejua kuvaa, alipata kazi ya ofisi mjini. Wazazi wao walifariki mapema, na Nsengiyumva ndiye aliyemlea mdogo wake, akawa kwake baba na mama. Kagabo alimwita yaya, kama watu wa Goma wanavyomwita kaka mkubwa, na neno hilo lilimtoka kwa upendo mpaka mwaka ule ambapo mama mmoja aitwaye Pulchérie alifungua baa yake ufukweni.

Hiyo haikuwa baa ya viti vya plastiki na mishikaki ya mbuzi. Pulchérie alikuwa ameishi Ubelgiji, akarudi na mambo yake. Veranda ilitazama Ziwa Kivu, meza zilifunikwa vitambaa vyeupe, na vyakula vya siku viliandikwa kwa chaki, kwa Kifaransa, juu ya ubao mweusi. Bia haikunywewa kwenye chupa. Ilimiminwa katika glasi ndefu mpaka povu likasimama. Sambaza, wale dagaa ambao wavuvi huwala kwa ugali, huko waliletwa juu ya kibao wakiwa na kitone cha mchuzi wa limau, na watu waliwachoma kwa uma mmoja mmoja. Sungura alipikwa ndani ya bia. Siku Kagabo alipomwonja sungura yule, alijiona amefika.

Wenzake wa mezani walikuwa wawili. Karekezi alikuwa mfanyabiashara wa saruji, mtu wa tumbo na vicheko. Robinah alikuwa amerudi kutoka Uganda, akifanya kazi katika shirika moja na kuendesha jipu lake. Walimwita Kagabo ndugu yetu, na kila walipogonganisha glasi Karekezi alimwambia, "Siku utapata matatizo, unaita tu." Maneno kama hayo hayana gharama yakisemwa mbele ya sungura.

Kule Rugerero watu walikuwa na desturi yao. Mgonjwa alibebwa kwa ingobyi, machela ya kusukwa inayokaa juu ya mabega ya watu wanne, wakipokezana mpaka hospitali. Kila nyumba ilitoa mabega yake. Jumapili baada ya misa walikusanyika kuuzunguka mtungi wa bia ya mtama, wakanywa kwa mrija mmoja uliopita mdomo kwa mdomo. Hawakuapa kwa maneno, maana mrija ule ulitosha. Aliyeunywea atabeba wenzake, na siku yake ikifika atabebwa.

Jumapili moja mrija ulipomfikia Kagabo, aliutazama, akatoa leso na kufuta midomo ambayo haikuwa imelowa kitu.

"Mi siwezi kunywa penye midomo ya watu yote imepita," alisema. "Mutoe jina yangu. Niko na rafiki wenye voitures, gari za kweli. Ingobyi ni mambo ya zamani."

Aliyeketi kando yake aliuchukua mrija akaupitisha mbele. Nsengiyumva aliinamisha uso. Vénantie, mke wa Kagabo, aliyekuwa na mimba changa, aliuona mrija ukimpita mumewe akaanza kulia. Yeye alielewa upesi ni nani hasa aliyeondolewa mabegani siku hiyo.

Miezi ikapita, mimba ikakua, masika ya mwaka 1998 yakaingia. Ulikuwa mwaka wa hofu. Magari hayakupenda kupanda vilimani jua likishaanza kuteremka, kwa sababu waasi walivizia njiani, na waliochelewa hawakufika wote. Jumamosi moja asubuhi Vénantie aliamka akishika kiuno.

"Kagabo, ubaki leo," alimwomba. "Hii maumivu si ya kawaida."

"Karekezi alinunua gari mupya. Nisipofika atasikia vibaya. Nitarudia mapema."

Alimwachia Nsengiyumva, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya shamba, amtazamie mkewe, akashuka mjini na viatu vyake vya ngozi.

Karamu ilinoga. Pikapu nyekundu ya Karekezi ilisimama mbele ya veranda na maua kwenye kioo, na kila aliyeingia alilazimika kuisifu. Walianza na sambaza, wakafuata na sungura, kisha Pulchérie mwenyewe akaleta samaki mzima wa kuokwa, mkubwa, bado ana jicho lake. Mvua ilianza kunyesha ziwani. Walikuwa wakimpasua samaki yule Nsengiyumva alipopanda ngazi, miguu mitupu, tope mpaka magotini, mhudumu akimvuta shati kwa nyuma.

"Kagabo, bibi yako iko mubaya," alisema huku akihema. "Anatoka damu. Nilienda kwa watu wa ingobyi, walinijibu mwenye alikataa mrija alikataa na mabega. Tafuta gari sasa hivi."

Karekezi akauliza, "Ni nani huyu?"

Kagabo aliona tope likichuruzika juu ya vigae vya Pulchérie. Alimwona Robinah akiuvuta mkoba wake karibu. Kwa aibu akatamka neno ambalo angelilipia maisha yake yote.

"Ni mutu wa shamba yangu," alisema.

Nsengiyumva alimtazama. Hakukasirika, alikuwa kama mtu aliyefika kwake akakuta kitasa kimebadilishwa.

"Gari, patron," alisema polepole, kama kibarua anavyomwita bosi wake. "Naomba gari."

Kagabo alimgeukia Karekezi, na Karekezi akapangusa mikono.

"Pole sana, ndugu yetu. Lakini viti ni mupya, na damu haitokake hata ukiosha. Bon, tumalize kwanza huyu samaki, donc tutaona vile tutafanya."

Robinah naye alisema kwamba jipu si lake, ni la shirika, na wakubwa wake wamekataza lisitoke mjini. Alisikitika kweli, macho yakamlengalenga. Kisha akamwita mhudumu amwongezee mchuzi.

Kagabo alikaa. Hakuna wa kumtetea hapa: alikaa, akashika uma. Alisadiki kwamba samaki ataisha na Karekezi atainuka. Nsengiyumva hakungoja. Alishuka ngazi akaanza kukimbia katika mvua kuelekea alikotoka, na aliyemtazama akiondoka ni mhudumu tu.

Samaki aliisha, ikaja jibini. Jibini ikaisha, ikaja kahawa. Kila Kagabo alipofungua mdomo, Karekezi alimpiga piga bega na kumwambia wanawake huzaa kila siku. Mwishowe Karekezi akatazama nje, akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyeshiba.

"Sasa jua inashuka. Kupanda kule saa hii ni kutafuta kifo. Kesho asubuhi tutaenda, nakupa neno yangu."

Ndipo Kagabo alipoinuka, kiti kikaanguka nyuma yake. Alikimbia hadi viatu vya ngozi vikamshinda, akavivua na kuviacha njiani. Aliwakuta pale nyumba za mji zinapoanza kupungua. Nsengiyumva alikuwa amemfunga Vénantie mgongoni kwa vitenge, kama mama afungavyo mtoto, akitembea ameinama. Damu ilikuwa imemlowesha mpaka visigino.

"Yaya," Kagabo alisema, "unipe nimubebe."

Nsengiyumva alisimama akafungua vitenge. Akamteremsha, wakashikana mikono chini yake, wakambeba katikati yao mpaka hospitali. Vénantie alifumbua macho mara moja tu.

"Voiture iko wapi?" aliuliza.

Walipofika langoni, kichwa chake kilikuwa kizito begani kwa Nsengiyumva, na muuguzi aliyemgusa shingo alifunga macho kwanza kabla ya kusema. Mtoto naye hakupona.

"Wewe ni bwana yake," muuguzi alimwambia Kagabo kwa upole. "Na huyu mwenye alimubeba?"

Kagabo alifungua mdomo, lakini kilio kikatangulia neno. Nsengiyumva akajibu kwa niaba yake.

"Mi ni mutu wa shamba yake," alisema, akatoka nje kuosha miguu.

Karekezi hakufika mazikoni. Alituma kreti ya bia na ujumbe kwamba yupo pamoja nao kwa moyo. Robinah alituma maua. Watu wa ingobyi walisimama kwenye ukingo wa shamba, kofia mkononi, mabega yao kimya. Kaburi lilichimbwa na Nsengiyumva. Jeneza lilibebwa na Nsengiyumva mbele na Kagabo nyuma, wakiteleza katika tope, mmoja akijikwaa na mwingine akimngoja. Udongo ulipokwisha kusawazishwa, Nsengiyumva alichukua jembe lake akaanza kuondoka.

"Yaya," Kagabo alimwita.

"Ndiyo, patron," Nsengiyumva alijibu bila kugeuka.

Kagabo alibaki pale na kreti ambayo hakuna aliyeifungua, akalia mpaka sauti ikamkauka. Alikuwa amewapoteza waliokula naye, na hao hawakuwa hasara; lakini alikuwa amempoteza pia kaka yake ambaye yeye mwenyewe alimkana, na ndiye pekee aliyekuja. Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe.