Ubao wa Siwema

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu wanaopiga miayo. Haya, twende hivyo hivyo.

“Mbuzi saba!” Korongo alifoka mlangoni pake. “Saba, mama, kwa kijibao kimoja! Chukua uende zako.”

“Sitaki mbuzi,” akasema Somoe.

Zamani hizo, watu na ndege walipokuwa wakiazimana vyombo, Korongo ndiye aliyekuwa mkuu wa ngoma. Somoe alikuwa mama aliyefiwa na mwanawe wa pekee, Siwema. Mtoto huyo kila akirudi kutoka kisimani alimwita, “Maaa!” Sauti yake haikukaa kwenye ubao wa tatu wa marimba ya mama yake, wala haikukaa kwenye wa nne. Ilikaa katikati.

Matanga yalipokwisha, sauti ikiwa bado mbichi masikioni, Somoe alimwendea Kigong'ota, fundi wa marimba. Fundi akachonga akapiga, akachonga akapiga, akachonga akapiga, mpaka mama akaruka: “Hapo hapo! Usiguse tena!” Ubao ukafungwa kati ya wa tatu na wa nne. Tangu hapo, kila jioni Somoe aligonga mara moja tu, akaitwa.

Siku ya ngoma ya mavuno, Korongo akayaazima marimba yale. Kuyapiga tu, akakunja shingo. “Ubao huu umepotoka!” Akaukwangua ncha zote mbili mpaka ukalia sawasawa na wa nne. Hakuuliza mtu. Mimi sipambi maneno: hakuuliza mtu! Ngoma ikakesha, na mlio ule mmoja ukamfuata Somoe hadi kitandani, ukamjaa masikio.

Marimba yakarudi. Somoe akagonga. Hakuitwa.

Akampelekea Kigong'ota mbiombio.

“Kuushusha mlio naweza,” fundi akasema. “Wewe niambie tu nisimame wapi.”

Akakwangua tumbo la ubao, akapiga. “Ndiyo hii?”

“Siyo.”

Akakwangua tena. “Ndiyo hii?”

“Nadhani… hapana.”

Akakwangua tena. “Ndiyo hii?”

Somoe akafumba macho, akatafuta. Akatafuta weee. Machozi yakamtoka.

“Sijui tena, baba. Sijui.”

Kigong'ota akaweka kisu chini. “Mimi nilifuata sikio lako, mama. Kipimo kilikuwa wewe.”

Ndipo Somoe akaujia mlango wa Korongo.

“Kumi basi!” Korongo akapiga kelele. “Na nilikusaidia! Kati ya wa tatu na wa nne hakuna sauti, mama. Kuna nafasi tu.”

“Mwanangu alikuwa humo.”

“Kumi na vitoto vyao!”

Hadithi yangu imekomea hapo, mlangoni, maana Somoe hajaondoka:

“Mbuzi wako wafungie. Nirudishie sauti ya Siwema.”