Mkia Uliopita Topeni

Paukwa!

Pakawa!

Naona hata walio nje ya ua wameitikia. Haya, tuendelee.

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado na imani na kura, mwituni palikuwa na kisima kimoja. Wakataka kumchagua mlinzi wake. Kura yao ilikuwa unyayo: umpendaye, unakanyaga tope la upande wake.

Wakagombea wawili, Pofu na Ngiri. Pofu akasema, "Maji ni ya wote."

Ngiri akasema, "Maji ni ya wenye pembe na meno. Wadogo waende mtoni."

Na mtoni anakaa nani? Mamba. Mgeni yule, hana kura mwituni.

Wakakanyaga, wakahesabu. Ngiri kashinda! Lakini Digidigi, mama wa mtoto mmoja, akainama kutazama. Upande wa Ngiri umejaa alama za makucha, na katikati ya makucha mfereji mrefu.

"Jamani! Huu si mkia wa Mamba?"

"Shemeji," Ngiri akacheka, "labda alipita kutusalimia."

"Amesalimia sana basi!"

Wanyama wakapiga kelele: "Tume! Tume!" Ikaundwa Tume ya nyati watupu, mwenyekiti Mzee Nyati.

"Mzee wangu, fanya hima," Digidigi akasihi. "Kisima kikifungwa, mwanangu atakunywa wapi?"

"Binti yangu, Tume haikimbii. Tume inazuru."

Wakazuru. Chaf! Chaf! Chaf! Wakaenda, wakarudi. Jua likawaka. Na nyati, jua likiwaka, hulala topeni. Ndiyo desturi yao. Wakalala. Wakagaagaa. Wakajadiliana kwa kina.

"Mzee, mmeulalia ushahidi!"

"Usiiingilie Tume, binti."

Jioni wakanyanyuka. Tope laini kama uji. Mzee Nyati akakohoa: "Tume haikuona mkia. Imeona alama nyingi za nyati, na imeshtuka sana. Inapendekeza nyati wachunguzwe. Watachunguzwa na nyati."

Makofi, pwa! pwa! pwa!

Ngiri akafunga kisima. Mtoto akalia kiu, akalia, sauti ikakauka. Mama akampeleka mtoni. Mtoto akainamisha shingo.

Chubwi!

Maji yakatulia.

Mama akarudi peke yake. Tangu hapo Digidigi hanywi kisimani, hanywi mtoni. Hulamba umande majanini. Na kura hapigi.

Funzo ni hili, wadogo kwa wakubwa: wanaochunguza wanaweza kuufuta ukweli bila hata kuuchukia.

Ngano yangu naitua hapa. Mwenye bega aibebe.