Friji la Chausiku

Chausiku alikuwa akikaanga mihogo kwenye baraza la Bwana Nangwanda, tajiri wa kuuza friji na magodoro pale Masasi. Siku moja tajiri akamwambia, "Weka programu yangu ya kubeti kwenye simu yako, la sivyo hamisha karai lako."

Chausiku akaiweka. Akabonyeza mara moja tu, tena bure, simu ikapiga vigelegele: ameshinda milioni moja.

"Hongera," alisema Nangwanda. "Sasa tuma elfu hamsini ya kufungulia, ndipo uitoe."

"Si uikate humo humo, bosi?"

"Mfumo hauruhusu."

Chausiku hakubisha. Alingoja siku ya gulio, baraza lilipojaa watu waliokuja kujiunga, akapaza sauti.

"Bosi, ile milioni yangu ipo kweli?"

Watu wakageuka, simu mikononi.

"Ipo!" alisema Nangwanda. "Kwangu hela ya mteja haipotei."

"Na anayeitunza ni nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi sina haja ya kuitoa. Ichukue humo humo, mimi nipe lile friji la laki nane. Chenji kanywee soda."

Nangwanda akalitazama friji, akawatazama watu. Watu walikuwa wakimtazama yeye.

"Mbebeeni," akawaambia vijana wake.

Kesho yake asubuhi foleni ya dukani ilifika barabarani. Kila mtu alikuwa ameshinda milioni, na hakuna hata mmoja aliyetaka kuitoa.